Hapana Kumi na Nne

Mtu mmoja anaweza kuficha barua moja. Akiwa na roho ngumu atafika mbili. Lakini barua kumi na nne za vituo kumi na vinne, kuanzia Kabwe ziwani mpaka kule mpakani na Zambia, hazifichwi na mzee mmoja wa josho. Inspekta Cleophas alipaswa kuliona hilo tangu Jumatano. Aliliona Ijumaa, saa mbili asubuhi, na wakati huo mzee Adolfu alikuwa ameshalala mahabusu usiku wa pili, juu ya saruji, na baridi ya Sumbawanga haimjui mzee wala kijana.

Kesi ilipofika mezani kwake ilionekana ya kumaliza kabla ya chai. Limbu, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia mwambao wa Kabwe na familia yake miaka ya tisini, alipeleka ng'ombe sabini na wawili josho kuogeshwa siku ya Jumanne. Jua lilipokuchwa walikuwa wamebaki kumi na mmoja. Kumbe kiwanda kilichotengeneza dawa ya josho kilikuwa kimegundua kosa lake: bechi namba 417 ilikuwa kali mara nne ya ilivyoandikwa kwenye kopo. Kiwanda kikauandikia Mradi wa Mifugo Ufipa, wenye majosho, na barua ikafika siku sita kabla ng'ombe wa Limbu hawajatia kwato majini. Serikali ilikuwa imejitoa kwenye majosho kama ilivyojitoa kwenye maduka na viwanda, na iliyookota ilichoacha ilikuwa miradi kama huu, wenye wafadhili nje na kompyuta ndani. Kompyuta ya mradi ilikuwa imepangwa hivi: namba ya bechi mbovu ikiingizwa tu, yenyewe inatuma tahadhari kwa barua pepe kwenye vituo vyote, bila kusubiri mkono wa mtu. Kabwe hakukuwa na simu, ila kituo kilikuwa na kompyuta iliyofungwa kwenye redio ya upepo, na Adolfu aliifungua kila siku saa moja asubuhi.

Cleophas alikuwa amepewa orodha iliyotolewa na kompyuta hiyo. Vituo kumi na vinne, na mbele ya kila kituo neno moja: Imetumwa. Jumatano ya wiki iliyopita, saa nne na dakika kumi asubuhi. Akamwuliza Adolfu, bwana mifugo wa Kabwe, kama alipata barua. Adolfu akasema hakupata. Basi karatasi inasema hivi, mtu anasema vile, na Cleophas katika miaka ishirini na sita ya kazi alikuwa hajaona karatasi ikidanganya kwa hofu. Akamweka mtu ndani. Jumatatu mzee angepandishwa kizimbani, na hakimu akiisoma orodha ile kama Cleophas alivyoisoma, miaka thelathini na moja ya utumishi ingeishia gerezani, miezi mitano kabla ya kustaafu.

Aliyemzindua ni koplo Rahel. Hakuagizwa na mtu. Alikaa kwenye redio ya kituo cha polisi tangu alfajiri, akaita kituo kimoja kimoja kama mwalimu anayeita mahudhurio, na kila kimoja kikamjibu kwamba hakijapata tahadhari yoyote. Vituo vingine viliokolewa na zamu tu. Wiki ile haikuwa yao, makopo ya 417 yalikuwa bado stoo.

“Kumi na vinne, afande,” Rahel alisema akiweka daftari mezani. “Wote wanaficha?”

Cleophas akachukua kofia yake. Wakatoka pamoja.

Ofisi ya mradi ilikuwa nyumba ya kupanga pale Chanji, katikati ya duka la vipuri vya baiskeli na saluni ya akina mama. Ndani kulikuwa na meza nne na kompyuta mbili, moja ya meneja na moja ya katibu muhtasi, zote mbili zimefunikwa vitambaa vya kufuma kama makochi ya sebuleni. Meneja, Bi Silvana, hakuwepo. Alikuwa kwenye mkutano Dar es Salaam tangu Jumatano ile ile barua ya kiwanda ilipofika. Walipokelewa na katibu muhtasi mwenyewe, mama wa miaka arobaini na kitu aitwaye Zita, sweta ya bluu imefungwa vifungo vyote, na rozari imening'inia kwenye kona ya skrini. Aliwasalimu shikamoo, akawavutia viti, akamimina chai ya maziwa kabla hawajasema wametumwa na nani. Kisha akarudi kwenye meza yake ya pembeni akaendelea kupanga majalada, kimya, kama watu waliozoea kuwa ndani ya chumba bila kuwa ndani ya mazungumzo.

Cleophas aliomba aitwe Gabriel. Huyo ndiye kijana aliyeitengeneza ile programu ya tahadhari, na ndiye ambaye Cleophas alimtilia shaka njiani walipokuwa wakija. Mkataba wake ulikuwa umeisha Februari na haukuongezwa. Mtu aliyenyimwa kazi, mwenye funguo za mashine, na barua kumi na nne zimepotea. Hata mpelelezi wa kujifunza angemfuata huyo kwanza. Gabriel alifika na pikipiki ya kuazima. Alimwamkia Cleophas vizuri, akamtupia Rahel “mambo” ya kirafiki, akaketi.

Hakuwa na wasiwasi, na hilo Cleophas hakulipenda. Akamwuliza kama kuna mtu aliyeigusa programu hivi karibuni. Gabriel akasema ni yeye, Ijumaa ya mwisho ya Februari, siku yake ya mwisho kazini. Alifanya nini? Akasema aliondoa Kidole.

“Kidole cha nani?” aliuliza Cleophas.

Gabriel akacheka kidogo, kisha akaacha, maana hakuna mwingine aliyecheka. Akaeleza. Programu yake ikitaka kutuma barua pepe, mashine haiiamini. Inaleta dirisha kwenye skrini, inamwuliza aliyeketi kama anaruhusu. Kwa barua kumi na nne, dirisha linakuja mara kumi na nne. Kwa hiyo tangu mwanzo aliweka kiprogramu kidogo cha kukaa nyuma na kubonyeza Ndiyo badala ya mtu, na wafanyakazi wakakibatiza Kidole. Mwaka mzima hakuna aliyewahi kuliona dirisha lile. Lakini Januari ofisi iliingiliwa na kirusi. Kirusi hicho kilipotaka kujitawanya kilikuta Kidole kinasubiri kwa adabu kubonyeza Ndiyo, na kwa siku mbili kiliandikia wafadhili na mapadri barua za matusi kwa jina la Bi Silvana. Makao makuu yakaleta waraka: Kidole kiondolewe mara moja.

“Nawe ukaondoa, huku umeshajua mkataba wako hauongezwi,” Cleophas alisema. “Ukajua barua zitakwama.”

“Niliondoa kwa sababu niliamriwa, mzee. Waraka upo. Na niliwaambia watu. Kikao kilikaa siku hiyo hiyo.”

Waraka ulikuwepo kweli, Zita aliutoa kabatini bila kuulizwa jalada lipi. Muhtasari wa kikao, mwandiko wa Gabriel, ulikuwa umebanwa nyuma yake. Rahel akausoma kwa sauti: kuanzia leo dirisha la ruhusa litaonekana, kama ni la tahadhari za josho, aliyeketi kwenye mashine abonyeze Ndiyo kila linapokuja. Cleophas akasikia kesi yake ikimponyoka kama sabuni. Kijana mwenye kinyongo hawaachii waliobaki maelekezo mazuri kiasi kile.

Akamwambia Gabriel aonyeshe. Alitaka kuona dirisha kwa macho yake, hakutaka kusimuliwa. Gabriel akaketi kwenye kompyuta ya katibu muhtasi, maana ndiyo yenye waya wa simu na ndiyo inayotuma barua za ofisi nzima. Akatunga namba ya bechi isiyokuwepo, akaweka anwani yake mwenyewe tu, akabonyeza. Simu ikapiga kelele zake za kutafuta njia. Kisha katikati ya skrini likaja dirisha dogo la kijivu, na alama ya mshangao ya njano.

Maneno yalikuwa ya Kiingereza. Rahel, aliyemaliza kidato cha sita, akayatafsiri polepole huku akifuata mstari kwa kalamu. “Kuna programu inajaribu kutuma barua kwa niaba yako. Unaruhusu? Kama hukutarajia jambo hili, huenda ni kirusi, na inafaa ujibu Hapana.”

Pembeni, kwenye kabati, Zita aliacha kupanga majalada.

“Mbona Ndiyo imefifia?” Cleophas aliuliza. “Imekufa?”

“Haijafa, mzee. Inasubiri sekunde tano. Waliotengeneza wanataka mtu afikiri kwanza.”

“Na Hapana?”

“Hapana haisubiri.”

Cleophas akamwambia abonyeze Hapana. Gabriel akabonyeza. Dirisha likaondoka, skrini ikarudi kama ilivyokuwa, hakuna mlio, hakuna lawama. Ndipo akamwambia afungue ile orodha yake, ile ile iliyomfikia yeye kituoni imechapwa safi. Gabriel akaifungua. Mstari wa mwisho ulikuwa wa barua waliyoikataa sasa hivi wote wakitazama, na mbele yake paliandikwa Imetumwa.

Gabriel alikuwa wa kwanza kupata aibu, na aibu ilimfaa, kwa sababu ilimfanya aseme kweli bila kuvutwa. Alisema programu yake ni kama mhudumu wa ofisi na kitabu cha dispachi. Mhudumu akishakabidhi barua masjala anaandika imekwenda. Masjala wakiichana, yeye hana habari, na kitabu chake kinabaki kizuri.

“Nilipaswa kulifikiria hilo,” alisema. “Lakini Kidole kilikuwepo, hakuna aliyewahi kukataa.”

Basi mzee Adolfu alikuwa amelala saruji siku mbili kwa ajili ya dispachi ya mhudumu. Cleophas aliona haya, haya ya kweli inayopandisha joto masikioni. Angeweza kuuliza swali moja tu Jumatano: orodha hii inaandikwa na nani, na anajuaje? Lakini hakuuliza, kwa sababu orodha ilikuwa imechapwa vizuri na mzee alikuwa na matope miguuni.

Ikabaki kazi ya kawaida. Kuna mtu alibonyeza Hapana mara kumi na nne Jumatano ile. Bi Silvana aliingiza namba ya bechi kwenye kompyuta yake, akaona Imetumwa kumi na nne, akapanda gari la Mbeya roho yake imetulia. Madirisha hayakuja kwake. Yalikuja huku, kwenye mashine ya waya wa simu. Rahel alikuwa ameurudia muhtasari wa kikao, ukurasa wa mahudhurio, na akamsogezea Cleophas bila kusema, kidole chake kikiwa chini ya mstari wa mwisho. Waliohudhuria watano. Aliyeomba udhuru mmoja: Zita, msiba, Mollo.

Hakuna aliyemwita. Zita alikuja mwenyewe mpaka katikati ya chumba, mikono yake ameifumba mbele ya sweta.

“Ni mimi, afande,” alisema. “Wala sikuficha. Nimeandika.”

Akafungua droo yake, akatoa kaunta buku, akaweka mbele ya Cleophas mahali penye alama ya utepe. Mwandiko ulikuwa wa watu waliofundishwa na masista, umesimama wima, haugusi mstari wa chini. Jumatano, saa 4:10, mtu asiyejulikana anajaribu kutuma barua kwa jina langu. Nimekataa. Saa 4:10, amerudi. Nimekataa. Saa 4:11, amerudi tena. Nimekataa. Mistari kumi na nne. Chini yake, kwa wino mwekundu: Hakurudi tena.

Akasema pia alitoa taarifa. Kwenye trei ya Bi Silvana, chini ya magazeti, kulikuwa na bahasha iliyofungwa kwa gundi na kuandikwa SIRI pande zote mbili. Cleophas akaifungua. Ilikuwa barua ya ofisi iliyokamilika, yenye kumbukumbu namba na kichwa cha habari, ikimwarifu meneja kwamba wale waliotukana wafadhili Januari wamejaribu tena kupitia mashine ya katibu muhtasi, na kwamba safari hii wamezuiwa. Ilikuwa na furaha ndani yake, furaha ya mtu mwangalifu aliyemkamata mwizi mlangoni. Cleophas aliisoma mpaka mwisho, na ikawa barua ngumu kuliko zote alizosoma mwaka ule.

Akamwuliza kwa upole, maana ukali ulikuwa umemwishia: dirisha linataka ajibu Ndiyo au Hapana, kwa nini hakumwuliza mtu? Wenzake walikuwepo.

“Sikuwa na swali la kuuliza,” Zita alijibu. “Najua Kiingereza cha barua. Liliniambia kuna anayeandika kwa niaba yangu. Mimi sikumtuma mtu. Hilo nilifundishwa namna ya kulijibu.”

“Na nani?”

“Hunikumbuki, afande.”

Hakumkumbuka. Alimtazama uso wote, akatafuta, hakupata. Zita akamsaidia. Mwaka tisini na saba Cleophas alikuwa sajini. Yeye Zita alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali hapa hapa mjini, chumba kimoja na Luciana.

Jina la Luciana Cleophas alilikumbuka. Mwaka ule mahindi yalizuiwa kuvuka kwenda Zambia, na malori yakavuka kwa barua za ruhusa. Barua zilikuwa na saini ya Luciana, na juu ya saini zile herufi tatu ambazo kila ofisi ya nchi hii inazijua, k.n.y., kwa niaba ya mkubwa wake. Mkubwa alisema hajui lolote. Luciana alisema mkubwa alimtajia barua kwa simu, neno kwa neno, akamwambia wewe nisainie. Kati ya karatasi na mtu, sajini Cleophas alichagua karatasi. Luciana alifungwa miaka mitatu.

“Siku ya hukumu ulitukusanya ukumbini, sisi wapiga chapa wote wa mjini,” Zita alisema. “Ulisimama ukasema, anayetaka kuandika kwa niaba yako bila wewe kujua alichoandika, huyo ni mwizi. Mkatalie. Akirudi, mkatalie. Hata akija mara mia, mkatalie, maana jela utakwenda wewe, hatakwenda yeye. Nililiandika neno hilo nikalibandika ndani ya mlango wa kabati langu la nguo. Lipo mpaka leo.”

Rahel aliinamisha macho kwenye daftari lake. Gabriel akatoka nje, akasimama kwenye vumbi karibu na pikipiki.

“Luciana aliamriwa, afande,” Zita akaongeza. “Ulijua?”

Cleophas angeweza kusema hapana, na hapo ofisini hakuna ambaye angemkanusha. “Nilikuja kujua,” alisema. “Miaka minne baadaye. Mwenye malori aliniambia mwenyewe kwenye msiba, akiwa amelewa. Jalada lilikuwa limeshafungwa.”

“Na Luciana alikuwa ameshatoka. Alirudi kwao Kirando, hakumaliza mwaka. Kifua.”

“Hilo pia nilisikia.”

Ndipo Zita akauliza alichokuwa hajauliza tangu waingie. Alikuwa amesikia habari za ng'ombe wa Kabwe, mji mzima ulisikia, lakini alidhani ni sumu ya mtu mwenye wivu. Je, zile barua kumi na nne zilikuwa zinatahadharisha nini? Rahel akamwambia. Alimwambia taratibu, akaanza na bechi, akafika Kabwe, akamaliza kwa Adolfu aliyeko ndani. Zita alisikiliza kama anayechukua imla. Kisha akakaa kwenye kiti cha wageni, akalia kwa kujiziba mdomo na ncha ya sweta ili saluni ya jirani wasisikie. Alilia kwa ajili ya ng'ombe ambao hakuwahi kuwaona, na zaidi kwa ajili ya mzee Adolfu, ambaye kila Krismasi alimletea dagaa wa Kabwe.

Waliporudi polisi, Limbu na ndugu zake wanne walikuwa wamekaa nje ya lango tangu asubuhi, fimbo zao zimelazwa chini kwa heshima ya serikali. Cleophas aliona hana haki ya kupita. Alisimama akawaeleza yote: barua iliandikwa, iliandaliwa kwenda Kabwe, ikazuiwa njiani na mama aliyedhani anazuia uovu. Shija, mdogo wake Limbu, alitafsiri palipohitaji. Limbu alikuwa mtu mrefu asiye na haraka, na hasira yake ilikuwa imeshafika mahali ambapo haipigi kelele.

“Sisi tukikataa ng'ombe wa mtu wasipite kwetu,” alisema, “tunatoka nje kwanza tunamtazama mwenye ng'ombe usoni. Huyo mama alimtazama nani?”

Cleophas akasema Adolfu hana hatia, atatoka leo. Limbu akatikisa kichwa kukubali. Akasema hata yeye aliona ugumu kuamini, maana Adolfu alipoona ng'ombe wa kwanza anaanguka aliruka ndani ya josho na nguo zake akiwavuta pembe. Lakini hilo nalo Cleophas hakuwa amelisikia Jumatano, kwa sababu Jumatano hakumwuliza Limbu kitu zaidi ya idadi.

Mkuu wa polisi wa wilaya alimsikiliza Cleophas akiwa amesimama dirishani, akiwatazama wale wa langoni. Alikubali mzee aachiwe. Lakini yule mama, akasema, alale ndani mpaka Jumatatu. Cleophas alisema hakuna kosa la jinai katika kujibu Hapana swali linaloruhusu kujibiwa Hapana. Mkuu akasema hilo hakimu ataliamua. Yeye hawezi kutoa mmoja na asiingize mwingine, huku mifupa ya ng'ombe sitini na mmoja bado haijakauka. Watu watasema polisi wamekula. Cleophas alibishana naye kwa dakika kumi, zaidi ya alivyowahi kubishana na mkubwa yeyote, akashindwa.

Hakuhitaji kutuma gari. Zita alikuwa ameshafika, kwa miguu kutoka Chanji, na mfuko wa rambo wenye kanga, blanketi na mswaki. Alikuwa ameifunga ofisi na funguo amempa Gabriel kwa maandishi.

Adolfu alitolewa. Alirudishiwa mkanda, viatu na daftari lake la barua pepe, lile lenye mistari ya kila asubuhi saa moja: hakuna, hakuna, hakuna. Cleophas akamwomba radhi mbele ya askari wote wa zamu, akisema nilikosa, mzee wangu. Adolfu alisema radhi ameipokea. Hakuonekana mwenye furaha hata kidogo. Kwake, alisema, ingekuwa nafuu kama angekuwa amepata barua akaisahau, maana hapo angejua ni nani wa kulaumiwa. Jumanne ile Limbu alimwuliza mara mbili kama dawa ni nzuri, na mara mbili yeye alimwambia ni nzuri. Kisha akamwona Zita kwenye benchi na blanketi lake mapajani. Alimwendea, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, wakasalimiana kwa Kifipa, kirefu, mpaka habari za nyumbani na za shamba. Hakuna aliyetaja ng'ombe.

Adolfu alipoondoka, Cleophas alimwambia askari wa zamu ampishe mezani. Akavuta kitabu cha mahabusu. Mstari wa Adolfu akaufunga kwa mkono wake: ameachiwa, hana hatia, alikamatwa kimakosa na mwandishi wa mstari huu. Mstari uliofuata akaandika jina la Zita, umri, kijiji, parokia. Ikabaki safu ya mwisho, sababu ya kuwekwa ndani. Hapo kalamu ilisimama, na Rahel, aliyesimama nyuma yake, aliona inavyosimama.

Akaandika: Alitii agizo alilopewa na Sajini Cleophas Adriano, sasa Inspekta, mwaka 1997, baada ya kifungo cha Luciana, ambaye naye hakuwa na hatia.

“Afande,” Rahel alisema kwa sauti ya chini, “kitabu hiki hakifutwi. Jumatatu kinakwenda kwa hakimu.”

“Najua.”

“Watafungua na lile jalada la zamani.”

“Ndiyo.”

Akaweka saini, akakigeuza kitabu ili Zita asome, kama sheria inavyotaka mahabusu asome kabla hajaingia. Zita akavaa miwani yake. Alisoma mara moja haraka na mara ya pili polepole, na alipofika kwenye jina la Luciana midomo yake ilitembea. Machozi yalikuwa yameshakauka. Aliweka ncha ya kidole chini ya saini ya Inspekta, mahali palipobaki patupu.

“Hujaweka tarehe, afande,” alisema. “Wakubwa watasema umeandika baadaye, na hakimu atauondoa mstari huu.”

Cleophas akaichukua kalamu tena, akaandika tarehe, siku, na saa. Zita akasoma, akaona sasa imekamilika, akavua miwani, akachukua mfuko wake, akamfuata Rahel ndani.